Abiria Aliyekuwa Akiitwa

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikisoma hali ya hewa na matangazo ya vifo redioni. Mtu akifariki katika miji yetu ya Ba au Lautoka, au visiwani huko, jamaa zake wa mbali walipata habari kutoka kinywani mwangu. Ni kazi ya heshima, ila ina ubaya mmoja. Unasema peke yako ndani ya chumba, hakuna anayekukatiza wala anayepiga miayo mbele yako. Ukikaa nayo sana unaanza kuamini kwamba watu wananyamaza kwa kuwa wewe ni mtamu wa kusikiliza.

Nilipostaafu, mke wangu Unaisi alivumilia miezi michache. Siku moja tukinywa chai akaweka kikombe chini.

"Netani, mume wangu, nakupenda. Lakini upepo unavuma kutoka wapi nimeshajua. Tafuta kazi."

Nikapata kazi uwanja wa ndege wa Nadi, ya kuzungumza na wageni wanaoondoka. Wapo watu maofisini wanaotaka kujua mgeni alilala wapi, alikula nini, kipi kilimuudhi, na kama atarudi. Unapewa tableti yenye maswali, unavaa shati la maua na kitambulisho shingoni, unaachiwa ukumbi mzima wa wasafiri waliochoka kusubiri. Jina la mtu huulizi. Hilo ni katazo. Mengine yote uliza. Nilipoelezwa hayo nilitamani kucheka. Yaani kuna watu wanalipwa kupiga soga?

Msimamizi wetu, Kamla Wati, ni mama mwembamba wa Kihindi kutoka Votualevu ambaye hajawahi kupoteza neno bure. Akaniita Bwana Redio tangu wiki ya kwanza, na sikujua kuwa ni kejeli. Nilidhani ni cheo.

"Bwana Redio," aliniambia siku moja, "wenzako wameshahoji nusu ya ndege. Wewe bado uko na yule babu wa Kikorea?"

"Ananisimulia safari yake, mama."

"Nimesimama pale nikiangalia. Babu wa watu hajafungua mdomo. Wewe ndiye unayemsimulia safari yake."

Debe tupu, wanasema, haliachi kuvuma. Mimi nilikuwa debe lililovalishwa shati la maua.

Sasa nije kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa Julai, baridi kidogo, na ndege ya Auckland ilikuwa ikipakia. Karibu na dirisha, mbali na lango, alikaa mama mmoja wa Kizungu wa makamo yangu, kofia ya ukili mapajani, kibegi kipya kabisa miguuni. Alikuwa na mikono mikubwa, ya mtu aliyezoea kulima bustani. Nikamwendea.

"Bula, mama. Naweza kukusumbua kidogo kuhusu safari yako?"

"Nisumbue," akasema. "Nisumbue hata sana."

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilivuta kiti.

Nikaanza na maswali. Alikuja kwa mapumziko, kwa biashara, au kutembelea jamaa? Akafikiri.

"Huna jingine hapo?"

"Kuna 'mengineyo'."

"Basi weka hayo mengineyo."

Nikamuuliza alikaa wapi. Akasema Sigatoka, kwa mtu fulani. Hapo ndipo nilipopotea, maana Sigatoka ni kwa wajomba zangu. Nikaweka tableti pembeni. Nikamsimulia mto ule unavyofurika, na mjomba wangu aliyejifunga kamba na fahali wake ili wavuke pamoja, akiamini kwamba fahali ndiye atakayeogopa.

"Ikawaje?" akauliza.

Jamani! Nyumbani kwangu hakuna aliyeniuliza "ikawaje" tangu binti yetu wa mwisho aote meno. Moyo ukanipanda. Nikamweleza ikawaje, nikarudi nyuma nikamweleza ilianzaje, nikaingiza na kimbunga kilichofuata.

Kipaza sauti kikaita: abiria Glenys Haggart afike langoni, ndege inakaribia kuondoka.

Nikanyanyua kidole, kama fundi anayesikia msumari ukigongwa vibaya. "Unasikia anavyolimeza jina? Jina la mtu lina heshima yake. Mimi hata marehemu niliwatamka vizuri kuliko hivyo."

"Wewe ungelitamkaje?"

Nikakohoa, nikalitoa kifuani, taratibu, silabi kwa silabi. Watu wawili wakageuka.

"Umelitamka vizuri sana," akasema, macho yakiwa dirishani.

Nikaendelea na kimbunga. Kipaza sauti kikaita tena, safari hii kwa ukali. Nikatikisa kichwa. "Angalia uzembe huo. Ndege nzima imebeba watu wenye haraka zao, inamngoja mama mmoja tu. Bila shaka yuko dukani ananusa manukato."

"Aibu kweli," akasema. "Watu wengine wamezaliwa hivyo."

Wakamwita mara ya mwisho. Nikacheka, naye akacheka kidogo. Niko katikati ya paa la shule kung'olewa, nikaona ndege ikisukumwa kinyumenyume kutoka kwenye lango. Yule mama akaitazama mpaka ikageuka. Halafu akashusha pumzi ndefu, kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Ile," akasema, "ilikuwa yangu."

Sikuelewa. Alipotoa kadi yake ya kupandia ndege nikasoma jina, lilelile nililolitamka kwa mbwembwe, na damu ikanishuka mpaka kwenye kandambili.

Kamla alifika papo hapo. Nadhani habari zangu zina mbio kuliko ndege.

"Bwana Redio! Umemfunga kamba, au?"

"Mama, sikumuuliza jina. Mwenyewe ulisema tusiulize majina."

"Nilisema usiulize jina. Sikusema umhutubie mpaka ndege iruke!"

"Msimlaumu," Glenys akasema. "Alikuwa amefika pazuri."

Maneno hayo, badala ya kunitia haya, yalinipa kiburi. Ndiyo, niliogopa. Ndiyo, mabegi yake makubwa yalikuwa yameshushwa kwenye ndege na vijana wa mizigo walinitazama kama mwizi wa kuku. Lakini chini kabisa ya hofu kulikuwa na kisauti kinachonong'ona: Netani, wewe ni hatari. Umemgandisha mtu kitini kwa sauti tu.

Nafasi nyingine ilikuwa keshokutwa. Hakutaka hoteli, alisema hana hamu ya kukaa peke yake na televisheni. Nikamwambia twende kwetu Lautoka, nimelikoroga mwenyewe. Kamla akatusindikiza hadi nje, akaniinamia dirishani mwa gari.

"Mpeleke salama. Na njiani ufunge mdomo."

Njiani nilimweleza mashamba yote ya miwa tuliyopita, na wamiliki wake.

Unaisi alinisikiliza mlangoni, akaniangalia, akamwangalia mgeni, akasema, "Pole, dada. Karibu. Mimi nimekosa mengi kwa ajili ya mdomo huo, ila ndege bado." Akamchukua jikoni. Mmoja akakuna nazi, mwingine akamenya mihogo kwa kisu kama mzaliwa wa hapa, na nilipoingia kusaidia mazungumzo nikatumwa kununua ndimu. Ndimu tunao mti wake uani.

Wakati wa chakula cha jioni nilikuwa nimeshakitengeneza kisa vizuri. Nikawasimulia jirani zetu wawili waliokuja kumwona mgeni: namna nilivyoanza, namna alivyoduwaa, namna alivyoshindwa hata kupepesa macho. Jirani mmoja akaniuliza kama nilimloga. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba ni kipaji tu.

Majirani walipoondoka, Glenys akaweka uma wake kando ya samaki.

"Bwana Netani, nisamehe. Wewe ni mwema, na kesi uliyobebeshwa si yako. Jina langu nililisikia. Mara zote. Mimi si kiziwi."

"Ulilisikia?"

"Na wewe pia ulilitaja, tena kwa nguvu. Nilikaa makusudi. Nilikuwa nikiomba Mungu pasitokee mtu wa kuniinua, na mara ukaja wewe na fahali wako."

Unaisi alikuwa ameacha kutafuna. Basi Glenys akatueleza. Kwao ni Timaru, mji wa baridi kusini mwa Nyuzilandi. Ni mjane wa siku nyingi. Alianza kuandikiana na bwana mmoja aitwaye Lindsay, Mwaustralia aliyestaafu na kujenga Sigatoka, wakapendana kwa maandishi, wakakubaliana aje wakae pamoja. Mtaa mzima ukamfanyia karamu ya kumuaga katika ukumbi wa kanisa. Walimchangia mabegi ya safari, seti nzima. Walilia. Dada yake tu, Noeline, hakulia, alisema, "Utarudi kabla maziwa uliyoacha hayajachacha." Wakaachana kwa maneno makali, na hawajasemezana tangu siku hiyo.

"Na sasa ndiyo narudi," Glenys akasema, "na mabegi yao mapya. Nikifika Timaru nitapita wapi wasinione? Kuna barabara moja."

"Huyo Lindsay alikupiga?" Unaisi akauliza, kwa sauti iliyonifanya niogope kwa niaba ya Lindsay.

"Hapana, dada. Ni mtu safi. Hanywi, anapika, anafua."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Sasa ana nini?"

Glenys akanitazama, akatazama sahani yake, uso ukamwiva.

"Anaongea," akasema. "Alikuwa akiuza pampu za maji. Tangu anapofungua macho mpaka anapoyafumba, pampu. Kwenye barua alikuwa anafupisha, kumbe kwa sababu mkono unachoka. Nikasema, Glenys, kimbia. Nikakimbilia uwanja wa ndege, nikatafuta kona yenye utulivu, nikakaa."

Halafu Unaisi, mke wangu wa ndoa, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akateleza kutoka kitini akakaa chini kwenye mkeka, akalia kwa kucheka, akipiga sakafu kwa kiganja. Glenys akajaribu kujizuia akashindwa. Na mimi nilikaa pale na kipaji changu, nikitafuna muhogo ambao ghafla ulikuwa mkavu.

Sitasema haikuniuma. Nilikwenda kulala mapema. Lakini kitandani nikamfikiria yule Lindsay, amekaa peke yake huko Sigatoka, pengine hajui mpaka sasa kosa lake ni lipi, na nikajikuta namwonea huruma kama ndugu.

Siku iliyofuata nilijaribu kunyamaza. Kabla jua halijapanda nilikuwa uani nikimweleza mbwa hali ya hewa. Ndani nilimsikia Unaisi akisema, "Aibu haiishi kwa kuikimbia, dada. Mpigie simu huyo Noeline. Akikutukana, na mimi nipo." Kisha akachungulia dirishani: "Netani, nenda kwa jirani Semi ukanywe yaqona."

"Kinywaji cha jioni, asubuhi yote hii?"

"Nenda."

Sikwenda. Nilikaa ngazini. Nilisikia simu ikiita, Glenys akisema "Ni mimi," halafu kimya kirefu, halafu kilio, halafu kicheko. Mpaka leo Unaisi amekataa kuniambia dada yule alisema nini. Anasema nikiambiwa, Lautoka nzima itajua kabla ya taarifa ya habari.

Kesho yake tulimrudisha uwanjani mimi na Unaisi. Alitembea mbele yetu akivuta mabegi yale mapya kama mtu anayekwenda harusini. Pale wasiosafiri wanaposimamishwa alimkumbatia mke wangu muda mrefu, kisha akanishika mkono, akanivuta, akaninong'oneza sikioni lile neno la Noeline.

"Usilitangaze," akasema.

Neno hilo ninalo. Ni fupi, ni zuri, na lilinifanya nitoe leso. Sijamwambia mtu, hata Unaisi hajui kwamba nalijua, na hapa pia silisemi. Mnaweza kuniuliza "ikawaje" mpaka kesho.

Kamla hakunifukuza. Alinihamishia upande wa wanaofika, nisimame karibu na mkanda wa mizigo nikiwauliza wageni wanatarajia kuona nini. Mtu anayetafuta begi lake hana subira. Anajibu kwa ufupi na kuondoka. Nimekuwa msikilizaji mzuri kupita kiasi, nawaambia wote nyumbani. Kamla anasema sivyo, ni kwamba mkanda una kelele kunishinda.