Gosbert wa 1984 na Shimba wa Leo

Niseme mapema kwamba kosa ni langu, ili nisisikie mtu akimsingizia Mwalimu Pius. Chaki nilishika mimi. Ubao ni wangu, saluni ni yangu, na maneno niliyaandika kwa mkono wangu huu unaonyoa nusu ya wanaume wa Buzuruga: JUMAMOSI TAREHE 14, SAA TISA. GOSBERT RWEHUMBIZA WA 1984 NA SHIMBA WA LEO. KILO SITINI. RAUNDI KUMI.

Gosbert Rwehumbiza ni baba yangu. Mwaka huo wa 1984 alikuwa bingwa wa ngumi wa Kanda ya Ziwa, kijana aliyetoka Kagera kuja Mwanza kufanya kazi kiwandani, akaishia kuipigania timu ya kiwanda. Shimba ni yule kijana wa Magu ambaye sura yake iko kwenye mabango kuanzia stendi yetu hadi Buswelu. Wamepishana miaka arobaini na kitu. Hawatakutana ulingoni hata siku moja, mtoto mdogo anajua hilo, na ndiyo maana ulikuwa mchezo.

Mchezo wenyewe tumeucheza pale saluni mwaka wa tano sasa. Kila Jumamosi tunapiganisha mabingwa wa enzi tofauti. Si ubishi wa kupayuka tu, una utaratibu wake. Kila bondia ana kona yake, yaani mtu mmoja wa kumsemea. Mwalimu Pius, mstaafu, ndiye refa. Anagonga chanuo kwenye chupa ya spiriti, raundi inaanza, kona zinaeleza bondia wake anafanya nini, ngumi kwa ngumi, halafu waliokaa kwenye benchi wanaamua nani kaichukua raundi. Ali wa Kinshasa na Tyson wa miaka yake ya mwanzo walitumalizia Jumamosi tatu, na kuna watu wawili mpaka leo hawasalimiani kwa ajili yao. Kona ikizidiwa hoja inatupa taulo la kunyolea katikati ya sakafu. Taulo likishagusa sakafu hakuna rufaa, hata kama bondia mwenyewe angekuwa amekaa pale anatusikiliza. Hilo la mwisho Mwalimu aliliongeza kwa utani.

Baba alikuwa anakaa pale anatusikiliza. Tangu mama afariki namleta saluni kila siku, kwa sababu siwezi kumwacha nyumbani peke yake na kichwa chake kile. Siku nyingine yuko sawa kabisa, anawachambua mabondia mpaka Chenge wa bodaboda anakosa la kujibu. Siku nyingine ananiuliza kama basi la kiwanda limeshapita. Daktari alisema ni ngumi za zamani zinadai chao. Kisukari nacho anacho. Nilidhani kumwandika ubaoni kutamfurahisha, na wateja watajua yule mzee wa kwenye kiti cha dirishani ni nani. Basi niseme ukweli, nilikuwa najidai na baba yangu.

Jumatatu yake jioni nikamwekea ugali na dagaa, akausogeza pembeni.

"Nashusha kilo, mama," akasema. Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, Prudencia.

"Kilo za nini, Baba?"

"Za tarehe kumi na nne. Leo kwa yule mwenye mizani pale stendi nimekutwa sitini na tatu. Zimebaki tatu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikafikiri mzee ameamua kuingia kwenye utani wetu.

Alfajiri ya kesho yake, saa kumi na moja, nikasikia komeo la mlango. Nilimkuta barabarani anakimbia, kama kule kunaweza kuitwa kukimbia, miguu anaiburuta. Chini ya sweta alikuwa amejizungushia shuka langu la nailoni la kunyolea wateja, ili atoke jasho. Nilimshika mkono pale pale nikaanza kumfokea, jamani, nilimfokea baba yangu mbele ya wauza maziwa. Akaniangalia kwa upole, akaniambia nisimpotezee pumzi.

Nilimpigia simu Selina, muuguzi tuliyesoma naye. Hakunibembeleza. "Dawa za sukari bila chakula, sukari inashuka, anazimika," akasema. "Dalili ni jasho na kutetemeka. Na kichwa kile akianguka nacho chini, sijui nikuambie nini."

"Nikimnyima dawa je?"

"Inapanda. Mlishe, Prudencia."

Kana kwamba nilikuwa nimemfungia chakula kabatini. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nikimnyoa mtu, jicho moja liko kichwani kwa mteja, jingine kwa Baba. Akisinzia naacha mashine inanguruma hewani mpaka nione kifua chake kinapanda. Mteja mmoja nilimkata sikio, akawa muungwana, akasema si kitu.

Jumatano nikachukua kitambaa, nikafuta ubao wote. Nikamwambia Baba pambano limefutwa, Shimba ameumia mkono. Aliutazama ule ubao mtupu, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Wananiogopa," akasema. "Na mwaka ule walifanya hivi hivi. Waliahirisha mara mbili ili njaa inimalize. Nilikaa kwenye uzito wiki saba."

"Wiki saba, Baba? Unakula nini?"

"Chai kavu na chungwa."

Siku hiyo hata chungwa hakuligusa. Nikaelewa kwamba nikiahirisha nitamuua taratibu, nisipoahirisha labda nitamuua haraka. Nikachukua chaki nikaandika upya, jina la Shimba likapinda.

Nikawaita Mwalimu na Chenge nyuma ya saluni. Kona ya Baba ni mimi. Kona ya Shimba ni Chenge, Msukuma wa Magu, ambaye kwake Shimba hana kosa. Niliwaeleza yote.

"Tumpe ushindi tu," Mwalimu akasema. "Akishinda pambano litakuwa limekwisha. Atakula."

"Mzee namwachia," Chenge akasema. "Raundi ya tatu Shimba analala chali."

"Ngosha, usiwe mjinga," nikamwambia, kwa jina tunalowaitia wanaume wa Kisukuma. "Shimba akilala raundi ya tatu Baba atajua tunamdanganya. Mpeleke mpaka mwisho, apoteze kwa pointi."

"Wahaya nyie kwa kujisikia," akasema Chenge, lakini hakuwa anacheka.

Jumamosi Baba alikutwa kilo sitini kamili. Alikuja na shati jeupe, viatu amepiga rangi, mikono ameizungushia bandeji kwa ustadi ambao sikujua bado anao. Alikuwa amekunywa chai kavu tu na dawa alimeza alfajiri, kabla sijaamka kumzuia. Akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, akakigeuza kiangalie watu. Benchi lilijaa, wengine wakasimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa chupa ya maji ya sukari, sukari vijiko vinane, nikijua kona ina ruhusa ya kumpa bondia wake maji kila raundi ikiisha.

Mwalimu akagonga chupa.

Nilisema vizuri siku ile, sijawahi kusema vizuri vile. Nilimtoa Gosbert wa 1984 kwenye kona yake, nikamzungusha kushoto, nikamrushia Shimba ile mikono miwili ya haraka ambayo nimesimuliwa tangu nikiwa sijaota meno. Chenge alijibu kiume, akapoteza kiume. Raundi ya kwanza yetu. Nikampa Baba maji. Akasukutua, akatema kwenye beseni. Raundi ya pili yetu. Akasukutua, akatema. Tone moja halikupita kooni.

"Meza, Baba," nikamnong'oneza.

"Bondia hamezi," akasema.

Raundi ya tatu tukaiacha kwa Shimba kama tulivyopanga. Ya nne na ya tano zetu. Baba alikuwa anapigana pale kitini. Mabega yanakwenda, kidevu amekificha, nikisema Shimba anarusha kulia anainama. Feni ilikuwa inazunguka juu yake, mimi mwenyewe nasikia baridi kwa woga, na yeye jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mikono ilikuwa inatetemeka ndani ya bandeji. Watu wakadhani ni mori.

Nikamfuta kwa taulo baada ya raundi ya sita. Tano kwa moja, bado nne tu, nikajipa moyo, bado nne ale. Akanivuta karibu.

"Huyu nimemmaliza," akanisemesha sikioni. "Anayefuata ni nani?"

"Anayefuata vipi, Baba?"

"Wa kutetea mkanda. Bingwa hakai bure. Usinipikie kitu leo, nabaki hapa hapa kwenye sitini mpaka waseme tarehe."

Nilisimama pale na lile taulo begani. Tulikuwa tumempikia ushindi, na ushindi ulikuwa njaa nyingine. Mwalimu hakusikia, alikuwa ameshagonga chupa ya raundi ya saba.

"Shimba yuko kwenye kamba," Chenge akasema, sauti imejaa huzuni ya kweli. "Hana pumzi. Gosbert anamwendea."

Benchi likaanza kuimba jina la Baba. Uso wake uliwaka. Tangu mazishi ya mama sikuwa nimeuona uso ule, na midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Wote waliniangalia mimi, wakisubiri nimalizie, niseme ngumi inatua wapi. Baba naye aliniangalia.

Nikalitoa taulo begani, nikalitupa katikati ya sakafu.

Chenge alilitazama kama nyoka kaingia ndani. "Pru," akasema, "wewe ndiye unayeongoza."

Mwalimu Pius alinitazama mimi, akamtazama Baba, na nadhani akaelewa, kwa sababu aligonga chupa mara tatu bila kuuliza. "Kona ya Gosbert imetupa taulo," akasema. "Shimba ameshinda, raundi ya saba. Hakuna rufaa."

"Nilikuwa nampiga," Baba akasema.

"Najua, Baba."

"Sijaangushwa."

"Hujaangushwa. Nimeona usingemaliza."

Nilimdanganya usoni, macho makavu. Alipigana mapambano arobaini na moja, na tangu utotoni tulilishwa habari kwamba katika yote hayo kona yake haikuwahi kutupa taulo hata mara moja. Alipoteza, ndiyo, lakini amesimama au amebebwa.

"Obedi hakuwahi kunifanyia hivi," akasema. Obedi ndiye aliyekuwa kona yake enzi hizo, sasa marehemu.

"Mimi si Obedi."

"Nimeona."

Nikainama nimfungue bandeji, akaivuta mikono yake. Akampa Chenge. Chenge akaifungua moja moja, pua inamchuruzika, na Baba akampa mkono wa hongera. "Mwambie kijana wenu analinda chini mno," akasema. "Atakuja kuumizwa." Kisha akageuka upande wa Mwalimu, si wangu. "Mwalimu, nina njaa."

Wakamletea ugali na sato kutoka kwa mama ntilie wa jirani. Alimla yule samaki mzima, mpaka kichwa. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo nasafisha mashine iliyokuwa safi, nalia, na kwenye kioo kila mtu ananiona. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimempata baba yangu na nilijua bei yake.

Huu sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Baba yuko kilo sitini na tano, sukari yake Selina anaisifu. Kukimbia ameacha. Kusahau hajaacha: anasahau jina la mtaa, anasahau kama amekunywa chai, siku moja aliniuliza mama yuko wapi. Ila taulo hajalisahau. Kila mteja mgeni anasimuliwa. "Shimba hakunipiga," anasema. "Aliyenipiga ni huyu hapa. Kunyoa anajua, lakini usimweke kwenye kona yako." Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, na inaniuma kila mara. Haniiti tena mama. Ananiita Kona. Kona, lete chumvi. Kona, zima redio.

Alhamisi iliyopita nikamwekea chai na viazi vitamu. Akanitazama kwa macho yale ya zamani, matamu.

"Asante, mama," akasema.

Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ningefurahi. Mimi nilikimbilia mlangoni kuangalia komeo. Nikaenda kuhesabu mashuka ya nailoni niliyokuwa nimeyaleta nyumbani kufua, moja halipo. Niliporudi, sahani ilikuwa imesogezwa pembeni.

"Wameshasema tarehe?" akaniuliza.

Nilikaa mbele yake. Alikuwa amelisahau taulo, na mimi amenisamehe. Ilibidi nimrudishie hasira yake.

"Baba," nikasema, "ulishapigana na Shimba. Ulikuwa unamshinda. Mimi nikatupa taulo."

Akaniangalia. Nikaiona hasira inamrudia kidogo kidogo, inaanzia kwenye taya, inapanda machoni, mpaka ikakaa mahali pake.

"Kumbe ni wewe," akasema. Akaivuta sahani, akaanza kula.