Leseni ya Mtu Mmoja

Saa mbili kasorobo asubuhi mchoraji ramani za majengo alifika ofisini, akamkuta mdogo wake ameshawasha kompyuta na anakunywa chai. Roho ikamuuma. Kompyuta zao ziliunganishwa kwa waya, na programu ya kuchorea ilikuwa na leseni ya mtu mmoja. Aliyewahi kuifungua ndiye aliyechora siku hiyo. Mwenzake aliambiwa na kioo cha kompyuta kwamba nafasi imechukuliwa, akabaki kuchonga penseli.

"Unalala sana, kaka," mdogo wake alisema. "Mbona ndoa yenyewe ya zamani?"

"Penseli nilikushikisha mimi. Usinichezee."

"Na bosi kanishikisha funguo za mlango. Sasa tufanyeje?"

Kaka mtu akachomoa waya nyuma ya mashine yake. Programu, kwa kuwa haikumwona tena mtu mwingine, ikafunguka. Papo hapo na yeye akaacha kuonekana machoni pa watu. Mama wa chai akapita bila kumwekea kikombe. Bosi akatundika koti begani mwake. Hakujali. Alikuwa anachora.

Kwa siku tisa alichora ngazi ya hospitali, yenye kona ya kupitisha machela bila kumwinamisha mgonjwa. Kona hiyo ilikuwa imemshinda mdogo wake. Hilo lilimfurahisha kuliko ngazi yenyewe.

Ili kuichapa ilibidi arudishe waya. Alisubiri mdogo wake afunge programu aende kula, akachomeka. Akaonekana.

"Umekonda, baba," alisema mama wa chai.

Printa ikatoa ngazi. Penye jina la mchoraji palikuwa pameandikwa la mdogo wake, kwani leseni ilimjua huyo tu. Akalikata kwa kalamu, akaandika lake. Wino ulipokauka, likasomeka la mdogo wake.

Bosi akaibandika ukutani. "Kijana ana kichwa huyu! Leseni ya pili ya nini?"

Mdogo mtu aliporudi akafungua programu. Kaka akachomoa waya. Baadaye mdogo mtu akaweka kikombe cha chai mbele ya kiti cha kaka kilichoonekana kitupu.

"Kaka," alinong'ona, "kuna hospitali nyingine. Waya uache hivyohivyo."

Kaka mtu aliwaza kuibana kidogo kona ya ngazi hiyo mpya, machela ikwame, jina lile liaibike. Akashika kipanya. Mkono ukakataa. Akaichora sawasawa, chai ikiwa bado ya moto.