Ukuta Ulioachiwa

Kiganja cha kushoto cha Nusrat kilitua juu ya upara wenye jasho, na kabla hajafikiri lolote, mdomo wake ukasema ndani ya barakoa, "Shikamoo, afande."

Hakujibiwa. Afande Odero alikuwa amezimia, au tuseme alikuwa kazini akizimia, na mtu aliyezimia haitikii salamu. Sanamu ya mazoezi ilikuwa imechanika bega asubuhi ile, ikawa inavuja mchanga. Basi mzee wa watu, rika la babu yake Nusrat, akavaa barakoa na mtungi wake wa hewa mbele ya makuruta wote, akatambaa mwenyewe hadi ndani ya ghala lenye moshi na kujilaza huko kusikojulikana. "Nitafuteni," ndilo neno pekee alilowaachia.

Ghala hilo zamani lilihifadhi samaki, pale karibu na Kigongo, kwenye ufukwe uliopoa tangu magari yaache kivuko na kuhamia darajani. Wakufunzi wa zimamoto walikuwa wameziba madirisha kwa matofali, wakatawanya mapipa na matairi sakafuni, na kila zoezi walichoma majani mabichi mlangoni mpaka mtu asione hata kidole chake mwenyewe. Humo kulikuwa na kanuni moja tu, ambayo Odero aliwaimbisha kwenye gwaride hadi wakaiota. Unapoingia, mkono wa kulia usibanduke ukutani. Wa kushoto ndio unaotafuta, ndio unaoshika. Ukuta ndio njia yako ya kurudi, na ukiuachia, wewe nawe umekuwa majeruhi.

Sasa mwambie hayo msichana aliyelelewa Igogo na Bibi Raya! Katika nyumba ile mkono wa kushoto ulikuwa na shughuli zake, kila mtu anazijua, na haukuruhusiwa kusogea karibu na sahani wala mgeni. Ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono huo, unachapwa kofi la kiganja palepale, hata kama mgeni anatazama. Na sasa mkono huohuo ulikuwa umelala juu ya kichwa cha mzee. Mwili wa Nusrat uliamua bila kumwuliza mwenyewe. Wa kushoto ukaruka nyuma, wa kulia ukaja mbele haraka kusawazisha mambo. Ilikuwa adabu ya kufumba na kufumbua. Aliporudisha mkono wa kulia ukutani, ukuta haukuwepo.

Akapapasa. Hewa tupu. Akageuka, akagusa tairi. Akageuka tena, na kugeuka huko ndiko kulikommaliza, kwa sababu sasa hakujua hata mlango uko mbele yake au nyuma yake. Alichobaki nacho ni mkono wa shati la Odero, ambao aliushika kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni.

Lilikuwa jaribio lake la mwisho. La kwanza alivua barakoa kwa hofu akatoka akikohoa. La pili aligonga mtungi wake, ishara ya kuruta aliyezidiwa, wakamfungulia mlango. Leo akigonga, jioni anafunga begi, na alijua fika begi hilo litakwenda wapi. Baba yake mdogo, Muharami, alikuwa na duka la vitambaa mjini, na nyuma ya kaunta, katikati ya majora yaliyopangwa hadi darini, kulikuwa na kiti alichomwekea. Hakikuwa kiti kibaya. Baba mdogo mwenyewe alikuwa mtu mwema, mwepesi wa utani na chai. Ila kila Nusrat alipokikalia, pumzi zilimbana kifuani vilevile zilivyombana humu, na kule hakukuwa na mtungi wa kugonga.

"Afande," akanong'ona. "Ukuta uko wapi?"

Akautikisa ule mkono wa shati.

"Afande Odero, nakuomba. Kohoa tu."

Mzee hakukohoa. Nusrat akaona hasira zinampanda, hasira za kweli, ambazo hajawahi kumwonea mtu wa umri ule. Analala tu! Anamsikia na analala! Filimbi ya mtungi ikaanza kulia mgongoni, maana yake hewa inakaribia kwisha. Akakunja ngumi ili agonge.

Ngumi ikabaki hewani. Mkono mmoja kwa mzee na mwingine kutafuta, alishajaribu, haufiki. Lakini mtu akilala chali akajinyoosha, ni mrefu kuliko mikono yake miwili. Mguu ungebaki kwa mzee. Mguu! Alifikiria kabisa kuvua buti kwanza, kama anayekwenda kukaa mkekani, kisha akajicheka huku machozi yanamtoka.

"Nisamehe, babu," akasema, na aliposikia jibu halipo, akaelewa kwamba halitakuja. Aliyelala pale hakuwa akidai heshima. Alikuwa akidai kutolewa.

Akakita buti kwapani mwa mzee, akajilaza, akanyoosha mikono juu ya kichwa. Hakuna kitu. Akajisogeza kidogo kidogo kumzunguka, kama mbuzi anayezunguka kigingi, buti likikandamiza mbavu za mtu mzima, filimbi ikipiga kelele, mpaka ncha za vidole zikagusa saruji baridi. Alilia kwa sauti. Akakunja goti, akamvuta Odero kwa mguu hadi ukutani, akauweka ukuta upande wa kushoto kama inavyotakiwa wakati wa kurudi, akakamata mkanda wa mtungi wa mzee na kuanza kumburuta.

Nje upepo wa ziwa ulimpiga usoni pamoja na harufu ya dagaa wanaoanikwa. Makuruta wakapiga makofi. Odero akainuka kwa shida na kuvua barakoa. Alama ya soli ilikuwa imejichora wazi kuanzia kwapani hadi kifuani.

"Kuruta, uliuachia ukuta."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Nilikugusa kichwani kwa mkono wa kushoto, afande. Nikabadilisha."

Malimi, kijana mrefu wa Magu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaangua kicheko. Odero hakucheka.

"Ukaupataje tena?"

Moshi haukuwepo tena, lakini Nusrat alijiona amefungiwa upya, safari hii na macho ya watu. Akatazama chini. "Nilikukanyaga, afande."

"Sema wakusikie."

"Nilikukanyaga! Kwapani. Kisha nikakuvuta kwa mguu huohuo."

Hata kicheko cha Malimi kilikatika. Mzee akaitazama alama ile. Akainua mkono kana kwamba anataka kuipangusa, lakini mkono ukapita, ukaenda kwenye barakoa, akaanza kuivaa upya.

"Kesho uwe gwarideni mapema," alimwambia Nusrat. Kisha akageuka. "Malimi! Beba mtungi."

Wakambadilishia mzee mtungi wake, akapiga magoti huku yakilia, akatambaa kurudi kwenye moshi, vumbi la buti la Nusrat likiwa bado kifuani. Malimi alibaki mlangoni, akitazama miguu yake mikubwa.