Sauti ya Mto Mkavu

Mama alikuwa ameomba jambo moja tu: ausikie tena mto wa ujana wake. Miguu ilikuwa imemgomea. Hata kama ingekubali, mto wenyewe ulikauka kabla wanafunzi wa bintiye hawajazaliwa. Binti, mwalimu wa falsafa, alimjibu, "Nitakuletea, mama." Angeweza kutafuta mtandaoni sauti ya mto wowote, lakini masikio ya mama hayakuwa ya kudanganywa.

Jumamosi aliwakusanya vijana wa kilabu chake cha falsafa katika stoo ya shule. Walitundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Mchezo wao wa redio ulihusu mabadiliko ya tabianchi, nao ulihitaji sauti ya mto. Ubaoni palikuwa na swali la juma: Je, mtu anaweza kukitamani kitu ambacho hajawahi kuwa nacho?

Kazi ikaanza. Mmoja alimimina maji ndani ya beseni.

"Hapana," mwalimu akasema. "Huyo anaoga."

Mwingine alitikisa mchele juu ya sinia.

"Hiyo ni mvua."

Kijana waliyemwita Golikipa alipuliza mrija ndani ya ndoo mpaka mashavu yakamvimba.

"Huyo ni ng'ombe."

"Mwalimu, mto wako una madeko kuliko bibi harusi," Golikipa akasema, akijifuta kidevu.

Wote wakacheka, isipokuwa mwalimu. Alifumba macho, akaeleza jinsi maji yanavyogonga jiwe, yanavyonyamaza kidogo, kisha yanavyopita.

Msichana mmoja, aliyeitwa Wakili kwa kuwa hakuna alichokikubali bila kubisha, akaweka sinia chini.

"Samahani, mwalimu. Tunautafuta mto wa nani?"

"Mto wetu. Huo hapo chini."

"Huo hapo chini ni uwanja wetu wa mpira. Mawe yake nayajua kama meno yangu. Maji yakirudi, tutacheza wapi?"

"Kwa hiyo hutaki yarudi?"

"Nayataka sana. Shamba la baba limekwisha. Lakini siku hiyo nitaulilia huu mkavu, na wadogo zangu hawatanielewa." Akautazama ubao. "Kama sisi tusivyokuelewa wewe."

Mwalimu akaanza kukunja mablanketi.

"Twendeni uwanjani kwenu," akasema. "Tukarekodi mto huo mlio nao."

Jioni aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka simu karibu na sikio la mama. Mawe yakakwaruzana chini ya viatu. Mpira ukadunda. Golikipa akaapa kwamba halikuwa goli. Wakili akamwambia asitafute mchawi, mikono yake ndiyo iliyotoboka.

"Wako wapi hao?" mama akauliza.

"Mtoni, mama."

"Mtoni kwetu?"

"Kwetu."

Mama akatabasamu kidogo. Akasikiliza tena, uso ukiwa umekaza.

"Mbona sisikii maji?"

Binti alikuwa ameandaa jibu njiani kote. Lilikuwa jibu zuri, lenye hoja zilizopangika. Badala yake aliirudisha rekodi mwanzoni.

"Waambie wanyamaze kidogo, mwanangu," mama akasema. "Huenda yako nyuma ya kelele zao."

Binti akaongeza sauti ya simu, akainamisha kichwa karibu na cha mama, naye akasikiliza.