Vidole vya Litiana

Litiana hakutaka hata kukaa chumba kimoja na Avinesh. Kampuni mbili za feri zilikuwa zimeunganishwa pale Suva, wakuu wa kompyuta wawili, kiti kimoja, na Ijumaa Bi Salote, mkurugenzi, angetamka nani anabaki.

"Umezigusa seva," Litiana alimwambia, bila salamu.

"Nimeweka nano iwe kihariri cha wote, dada. Hata mgeni aweze kuandika faili bila kulia."

"Nano! Si ungewaletea na kalamu za rangi?"

"Afadhali hizo kuliko hicho kihariri chako cha vi. Watu wanaingia, kutoka hawajui."

Litiana akafyonza. Akaandika mstari mmoja kwenye akaunti yake ili yeye afunguliwe mafaili kwa vi, akamaliza. Avinesh akachungulia, chapati ya roti mkononi.

"Hapo umejichagulia Litiana tu. Ukipanda kuwa root, yule mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, mashine hizi zinasahau chaguo lako, zinarudi kwa la wote."

"Nimeanza kazi hii wewe unanyonya kidole! Kwetu haikuwa hivyo."

"Kwenu mashine zilikuwa na Linux ya aina nyingine. Haya, shauri yako."

Kiburi hicho, jamani! Mtu kaambiwa neno la maana, kalitupa kwa sababu tu limetoka kwenye mdomo asioupenda.

Ijumaa Bi Salote akaja mwenyewe. "Litiana, abiria wa kisiwa cha Kadavu wamefurika. Ongeza safari ya pili kwenye ratiba."

Litiana akapanda root, akafungua faili, akaandika macho yakiwa kwa bosi. Mwishoni vidole vikapiga vyenyewe nukta mbili, w, q, kama vinavyofanya kila siku kwenye vi kuhifadhi na kutoka. Faili halikufungika. Akatazama: nano!

"Mshenzi huyu," akanong'ona. Kwa hasira akabonyeza vitufe vya kutoka, akakubali kuhifadhi, wala hakusoma tena alichoandika.

Programu ya tiketi ikasoma ratiba, ikakuta takataka, ikagoma. Kule chini abiria waliolowa mvua, na mikeka yao na mafungu ya yaqona, mizizi ya kutengenezea kinywaji, wakaanza kugonga vioo vya madirisha.

"Ni yeye!" Litiana aliruka kitini. "Kanihujumu, Bi Salote! Anataka kiti! Mfukuze leo hii!"

Avinesh akalifungua faili kwenye skrini kubwa ya ukutani. Safari ya pili ya Kadavu ilikuwapo, na nyuma yake, imeganda, :wq.

Chumba kizima kilijua nani humu anatumia vi. Alikuwa akiwatukana wengine kwa hilo tangu aje.

"Nani kaandika hiyo?" aliuliza Bi Salote. "Litiana, nakuuliza wewe."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Mimi."

"Basi ifute, watu wapate tiketi. Ukimaliza, mkabidhi Avinesh nywila zako zote."

Litiana akavuta kibodi. Akapiga Esc, kwa mazoea. Akapiga x, ambayo kwenye vi hufuta herufi. Kwenye skrini kubwa, mbele ya wote, ikaongezeka x.

"Tumia kitufe cha kufutia, dada," alisema Avinesh. "Hicho cha kawaida."