Chunjua la Bwana Brandelius

Bwana Brandelius alikuwa mwandishi mashuhuri kuliko wote Stockholm, na wa kwanza kukuambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Shavu lake la kushoto lilikuwa na chunjua kubwa kama punje ya njegere. Alipokaribia kutimiza miaka sitini, siku ambayo kwetu nyumba hufurika wageni tangu asubuhi, alimwita mchoraji Torsten amchoree picha yake ya kuwagawia.

Kuchora kwenye bamba la shaba la kupigia chapa kuna sharti moja ambalo hata paka wa karakana analijua: cha kushoto kwenye bamba hutoka kulia kwenye karatasi. Kwa hiyo mchoraji huchora kinyume. Torsten, kijana mwenye umri wa miaka ishirini, alibabaika mbele ya mtu mkubwa akasahau. Mimi ndiye mpiga chapa wake. Nilipobandua karatasi ya kwanza, chunjua lilikuwa limehamia shavu la kulia.

"Nimekwisha, Signe," alisema. "Kesho wachoraji wote wa mji watakuwa kwenye sherehe yake. Watanicheka mpaka kaburini!"

"Kwani ulikuwa unamchora au unamsujudia?"

Muda wa kuchora upya haukuwepo. Tukapeleka nakala hamsini, Torsten akijikokota kama anayekwenda kunyongwa, na mimi, nakiri, nikiwa na hamu ya kuona kioja.

Bwana Brandelius aliitazama picha mpaka machozi yakamlengalenga.

"Hatimaye! Wengine wote walinikosea, hata wapiga picha. Huyu ndiye mimi!"

Wageni wakatazama picha, wakatazama shavu, kisha wakatazama glasi zao.

"Ni yeye mwenyewe," alisema mwenyekiti wa chama cha wachoraji.

"Mwenyewe kabisa!" wakaitikia wengine, waoga wakubwa wale. Torsten akapata nafuu hata akala vipande vitatu vya keki ya lozi.

Bi Hedvig, mke wa mwandishi, akanivuta jikoni.

"Dada, nimeishi na mwanamume yule miaka thelathini na mmoja. Huyu wa kwenye karatasi simjui."

"Sasa mbona yeye kamtambua mara moja?"

"Si anamwona kiooni kila asubuhi akinyoa? Hajawahi kumtazama mtu mwingine."

Nikaziba mdomo kwa kiganja, wageni wasisikie kicheko changu. Yeye akafungua mtoto wa meza, akatoa nyundo na msumari.

"Njoo unishikie. Tunaitundika juu ya beseni lake, pale penye kioo. Kioo nakichukua mimi. Hatagundua."