Nondo Zilizokatwa

Mhandisi alikuta nondo ndefu za kuning'inizia roshani mbili za ukumbi wa shule, moja juu ya nyingine, zimekatwa katikati. Aliyezikata ni fundi wa kuchomelea, mume wa dada yake.

"Shemeji, ndefu zinasumbua kupandisha," alijitetea. "Roshani ya chini tutaining'iniza kwenye ya juu. Chuma si kilekile?"

Mhandisi hakugomba. Alifunga kamba kwenye boriti, akarundika magunia chini yake, akawaomba fundi na mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, waning'inie pamoja. Waliimudu wakicheka.

"Sasa dada, achia kamba, umshike mumeo miguu."

Dada, mwanamke mwenye mwili mkubwa, akamshika. Viganja vya fundi vikateleza, wote wawili wakaangukia magunia.

"Umeniua, mke wangu!"

"Mimi tena? Chuma si kilekile?"

Fundi alikanda viganja vyake, akiwa ameacha kucheka. "Kumbe vishikio vya roshani ya juu vingebeba zote mbili, kama viganja hivi. Ingeng'oka na watoto." Akaenda mwenyewe kuagiza nondo ndefu.

Ukumbi ulipofunguliwa, watoto walijaa roshani zote mbili wakirukaruka. Fundi na mkewe walisimama chini yao, wakipiga makofi.